Vijembe juu ya filamu mbaya: kwa nini hata mashabiki hawapatani

SWALI: Mimi na kaka yangu tuna kawaida ya kutazama filamu pamoja siku za mapumziko. Siku hizi ananiletea vipindi vya Kimarekani ambamo wachekeshaji wanaitazama filamu mbovu ya zamani na kuirushia vijembe mwanzo hadi mwisho, hasa kile kiitwacho Mystery Science Theater 3000. Yeye hucheka hadi akatoa machozi. Mimi mara nyingine nacheka, mara nyingi nachoka, na kuna nyakati naona ni dharau tupu kwa watu waliohangaika kutengeneza kazi yao. Nimepitia maoni ya watazamaji wengine, nikakuta hata mashabiki wenyewe wanavutana. Je, mwenye tatizo ni mimi, ni wachekeshaji, au ni filamu? (Msomaji wa kike, Tanga)

JIBU: Dada yangu, nianze na jibu lenyewe. Vijembe vinavyokuchekesha na vijembe vinavyokuchosha havitoki mahali pamoja, hata vikitamkwa na mtu yule yule ndani ya filamu ile ile. Kuna kijembe kinachozaliwa na kuitazama filamu kwa makini kuliko alivyoitazama hata aliyeitengeneza, na kuna kijembe ambacho mchekeshaji alikuja nacho mfukoni, akawa anasubiri tu mahali pa kukitupia. Mashabiki hubishana juu ya watangazaji, vituo, miaka na mitindo, lakini ukiwasikiliza kwa muda utaona kwamba ugomvi wao mwingi unarudi kwenye tofauti hiyo, ingawa wachache huitaja kwa uwazi. Kwa hiyo sikioni kichekesho hiki kuwa dharau kwa asili yake, lakini pia sikubaliani na wanaosema kwamba anayekerwa nacho hana ucheshi.

Kipindi anachokuletea kaka yako kilianza tarehe 24 Novemba 1988 katika kituo kidogo cha televisheni kilichoitwa KTMA, huko Minneapolis katika jimbo la Minnesota. Aliyekibuni ni Joel Hodgson, mchekeshaji aliyekuwa pia na kipaji cha kuunda vikaragosi na vifaa vya mizaha kwa mikono yake. Kisa chake ni cha kipuuzi kwa makusudi: mtu mmoja amefungiwa katika chombo kinachozunguka angani, wanasayansi waovu wanamlazimisha kutazama filamu mbovu ili waone akili yake itastahimili hadi lini, naye amejiundia roboti wa kumliwaza, ambao wawili kati yao, Crow na Tom Servo, huingia naye ukumbini. Filamu inapoonyeshwa, vivuli vyao huonekana chini ya skrini upande wa kulia, kana kwamba wamekaa viti vya mbele yetu sinema. Mwaka 1989 kipindi kikaingia kwenye televisheni ya kebo ya nchi nzima, kikadumu Comedy Central hadi 1996, kisha Sci-Fi Channel kuanzia 1997 hadi 1999. Kwa kazi ya mwaka 1993 kilipewa tuzo ya Peabody, ambayo ni miongoni mwa tuzo zinazoheshimika sana katika utangazaji wa Marekani.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui, nalo ni muhimu kwa swali lako, ni namna vijembe hivyo vinavyotengenezwa. Pale KTMA sehemu kubwa ilikuwa ya papo kwa papo: watu watatu wamekaa mbele ya filamu wanasema linalowajia, na matokeo yake yalikuwa na vimya virefu ambavyo leo vinachosha. Baada ya kuhamia kwenye kebo wakaanza kuandika. Chumba kizima cha waandishi kiliitazama filamu moja mara kadhaa, wakisimamisha mkanda, wakirudisha nyuma, wakitafuta upenyo kati ya sentensi mbili za waigizaji ambapo kijembe kingeingia bila kuyafunika maneno yatakayohitajika baadaye. Anayeona kwamba watu hawa wanaropoka tu ovyo hajatambua kwamba wameitazama filamu hiyo kwa subira ambayo pengine hakuna mtazamaji mwingine duniani aliyewahi kuipa.

Tazama filamu iliyowapa sifa yao kubwa, Manos: The Hands of Fate, waliyoionyesha Januari 1993. Ilitengenezwa El Paso, Texas, na Harold P. Warren, muuzaji wa bima na mbolea ambaye aliwekeana dau na mwandishi wa filamu wa Hollywood kwamba hata yeye angeweza kutengeneza filamu. Kamera yao ilikuwa ya kujazwa kwa mkono kama saa za zamani, na haikuweza kupiga picha kwa zaidi ya nusu dakika hivi bila kusimama. Sauti haikurekodiwa wakati wa kupiga picha. Iliingizwa baadaye na watu wachache waliozungumza kwa niaba ya waigizaji wote. Mwanzoni familia moja inaendesha gari ikipita mashamba, na inaendelea kuyapita, dakika baada ya dakika, bila tukio lolote, kwa sababu majina ya waigizaji na mafundi yalikusudiwa kuwekwa juu ya picha hizo na hayakuwekwa kamwe. Mtazamaji wa kawaida hajui hayo. Anajua tu kwamba anachoka. Katikati ya uchovu huo mmoja wa wachekeshaji anasema kwamba kila picha ya filamu hii inafanana na picha ya mwisho kupigwa ya mtu ambaye sasa anatafutwa. Mara ya kwanza nilicheka, kisha nikairudisha filamu nyuma na kuangalia nyuso zile zenye mwanga hafifu, zimekatwa vibaya pembeni, za watu wasiojua kamera iko wapi, nikaona kwamba ule ulikuwa uhakiki wa upigaji picha uliofungwa ndani ya sentensi moja. Kijembe cha namna hiyo hakiwezi kuhamishiwa filamu nyingine. Kimetoka ndani ya filamu hii, na kinakufanya uione vizuri zaidi.

Filamu hiyo hiyo ndiyo inayowapa wapinzani hoja nzito. Mwigizaji aliyecheza Torgo, mtumishi mwenye magoti yaliyovimba na mwendo wa kuyumba ambaye mashabiki wamemgeuza karibu kuwa shujaa, alifariki dunia wiki chache kabla ya filamu kuonyeshwa kwa mara ya kwanza, Novemba 1966. Mtoto aliyeigiza katika filamu hiyo ameeleza akiwa mtu mzima kwamba usiku wa onyesho hilo alilia aliposikia sauti ya mtu mwingine ikitoka kinywani mwake. Tena kicheko hakikuanzia televisheni: watazamaji wa El Paso waliicheka filamu hiyo pale pale ukumbini, mbele ya walioitengeneza. Wapo mashabiki waliopata habari hizi baadaye na kusema kwamba hawawezi tena kucheka kama zamani, nami siwalaumu.

Hata hivyo, tuangalie kilichofuata. Warren alifariki mwaka 1985, na filamu yake ilikuwa imekwisha kusahauliwa kabisa. Baada ya 1993 ikawa na mashabiki, michezo ya jukwaani, na hatimaye mwaka 2011 kijana mmoja mpiga picha alipopata nakala ya milimita 16 iliyotumika katika uhariri, watu walichangishana fedha ili ikarabatiwe fremu kwa fremu. Yule mtoto aliyelia ameandika kitabu kizima juu ya filamu hiyo na kuwa rafiki wa mashabiki wake. Watani wetu wakija msibani humdhihaki hata marehemu, na wenye msiba huwavumilia, kwa kuwa ni wao hao wanaokesha, wanaochimba na wanaoshika kazi zote. Anayeidhihaki filamu kwa namna hiyo na kuibebea jeneza lake nampa ruhusa ambayo simpi mpita njia.

Sasa nije kwenye kosa lenye sura mbili ndani ya filamu moja, maana hapa ndipo nadhani utaitambua hisia yako. Mwaka 1997, wakati huo Joel amekwisha kuondoka na nafasi yake kushikwa na Michael J. Nelson, kipindi kilionyesha Space Mutiny, filamu ya mwaka 1988 iliyopigwa Afrika Kusini, ambayo picha zake za vyombo vya angani zilichukuliwa kutoka katika mfululizo wa televisheni wa Kimarekani, na ambayo ndani ya chombo hicho cha angani unaona kuta za matofali za kiwandani na mwanga wa jua ukipenya. Kuna afisa wa kike anayeuawa waziwazi. Katika tukio linalofuata mwanamke huyo huyo yuko kwenye meza yake anafanya kazi, bila maelezo, kwa sababu aliyehariri alipanga vipande bila kuangalia. Wachekeshaji hawapigi kelele wala hawatukani; mmoja anampongeza mkubwa wa chombo kwa moyo wake mwema wa kumpa marehemu nafasi nyingine. Hapo kosa la mhariri limeonyeshwa, aliyelifanya hakutajwa, na mwigizaji hajaguswa.

Lakini katika filamu hiyo hiyo, mwigizaji anayecheza binti wa kamanda anachambwa kwa umri wake kila anapoonekana. Kijembe cha kwanza kina sababu kidogo, kwa kuwa filamu inatuomba tuamini kwamba ni msichana mdogo wakati macho yetu yanaona mtu mzima, na hilo ni kosa la aliyegawa nafasi za kuigiza. Cha pili ni marudio. Kufikia cha kumi, filamu haihusiki tena. Kilichobaki ni mwanamke mmoja na wanaume watatu wanaomcheka kwa kutokuwa kijana. Ni sehemu inayopendwa kupita kiasi na mashabiki, na mashabiki hao hao huihesabu kati ya kazi bora za enzi ya Nelson, nami pia huitazama. Ila ukiniambia kwamba pale uliona dharau, nitakujibu kwamba uliona sawasawa. Wengi wanaorudi leo kwenye vipindi vya miaka ya 1990 wanakutana na hali hiyo, hasa katika mizaha juu ya sura za wanawake na juu ya wanaume wasioonekana kuwa wanaume vya kutosha. Baadhi yao hukizima, wengine huendelea huku wamekunja uso.

Ugomvi ulio maarufu kuliko yote kati ya mashabiki ni huo wa Joel na Nelson, ulioanza Oktoba 1993 Joel alipotoka, na ambao haujaisha. Wa upande wa Joel husema kwamba alikuwa mpole, amesinzia kidogo, na aliitazama filamu kama mzazi anavyomtazama mtoto mtukutu. Wa upande wa Nelson husema kwamba yeye alikuwa mwandishi mkuu tangu zamani, kwa hiyo vijembe vingi wanavyompongezea Joel vilipita kwenye kalamu ya Nelson. Hoja ya pili ni ya kweli, nayo inapunguza sana uzito wa ubishi huo. Kilichobadilika zaidi ni joto la sauti: maneno yale yale yakisemwa na mtu anayeonekana kufurahi kuwapo yanasikika kama utani, na yakisemwa na mtu anayetaka filamu iishe yanasikika kama kejeli. Mimi kwa tabia ni wa upande wa Joel, ingawa nikihesabu mahali nilipocheka zaidi, nyingi ni za enzi ya Nelson, jambo ambalo silipendi lakini ndivyo lilivyo.

Lipo lalamiko jingine ambalo halisikiki sana, nami naliona kuwa zito kuliko hilo la watangazaji. Kipindi kilikuwa na saa mbili pamoja na matangazo ya biashara na michezo mifupi ya katikati, kwa hiyo filamu zilikatwa ili zitoshe. Mwaka 1990 waliichagua The Sidehackers, filamu ya mwaka 1969 kuhusu mashindano ya pikipiki, baada ya kutazama sehemu tu ya mwanzo. Walipofika ndani wakakuta tukio la kikatili ambamo mchumba wa shujaa anabakwa na kuuawa. Walilikata lote, kama ilivyostahili katika kipindi cha vichekesho, lakini matokeo yake ni kwamba mtazamaji alimwona mwanamke yuko hai, kisha ghafla shujaa anaomboleza, na ikabidi roboti Crow awatangazie watu kwamba amekufa. Baada ya hapo waliweka kanuni ya kuitazama filamu nzima kabla ya kuichagua. Funzo walilolipata lilihusu uchaguzi wa filamu, lakini mkasi ulibaki kazini. Kwa hiyo wachekeshaji wanapoicheka filamu kwa kuruka kutoka jambo hadi jambo bila mantiki, wakati mwingine mkasi uliofanya hivyo ni wao. Ukiwa na shaka, itafute filamu yenyewe uitazame ikiwa nzima. Mara chache utakuta kwamba ilionewa. Mara nyingi, lazima niseme ukweli, utakuta kwamba ilisaidiwa.

Hoja ya kuonewa inakuwa kali zaidi filamu inapokuwa si mbaya. Filamu waliyoitumia mwaka 1996 walipokitengeneza kipindi chao kuwa filamu ya sinema, This Island Earth ya mwaka 1955, ina rangi na mandhari ambazo wapenzi wa hadithi za kisayansi huziheshimu hadi leo. Kipindi cha mwisho cha zama zile, Agosti 1999, kiliirushia vijembe Danger: Diabolik ya mwongozaji Mwitaliano Mario Bava, ambaye wahakiki wengi humhesabu kuwa fundi mkubwa wa picha. Mwaka huo huo waliidhihaki Hamlet iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Ujerumani. Katika kazi hizi utaona vijembe vikipungua nguvu, kwa sababu filamu nzuri huwa inawapita wachekeshaji mbele: macho yako yanaifuata picha, na sauti zao zinakuwa kero. Filamu mbaya yenye nia ya kweli ndiyo inayofaa, ile ambayo mtengenezaji wake alitaka jambo kubwa na mkono wake ukashindwa kulifikia. Filamu iliyotengenezwa mbaya makusudi, kama zile za papa wanaoruka na kimbunga, nayo haifai, maana imekwisha kujicheka yenyewe na haina mahali pa kupenyeza kitu.

Kuhusu kuchoka kwako kuna sababu mbili za kawaida kabisa ambazo hazihusiani na ladha. Ya kwanza ni kasi. Mwaka 2015 mashabiki walichanga zaidi ya dola milioni 5.7 kwa njia ya Kickstarter ili kipindi kifufuliwe, na mwaka 2017 kikarudi kupitia Netflix kikiwa na mtangazaji mpya, Jonah Ray. Wachangiaji wengi walifurahi, lakini lalamiko lililojirudia ni kwamba vijembe vilifuatana bila pumziko, na kwamba sauti za watatu hao zilifanana kiasi cha kutojua nani kasema nini. Msimu wa 2018 ulisikika ukiwa na nafasi zaidi kati ya kijembe na kijembe. Ikiwa kaka yako alianza kukuletea misimu hiyo ya karibuni, si ajabu ulichoka, kwa kuwa kicheko kinahitaji sekunde chache za kusahau kwamba kingine kinakuja.

Sababu ya pili ni marejeo. Vijembe vya watu hawa vimejaa matangazo ya biashara ya Marekani ya miaka ya 1970, wachezaji wa mpira wao, maduka ya Minnesota, na nyimbo ambazo hata vijana wa kwao hawazijui tena. Joel amewahi kusema kwa maneno ya namna hii, kwamba hawakujiuliza nani ataelewa, waliamini kwamba wanaostahili kuelewa wataelewa. Ni msimamo mzuri kwa mwandishi na mgumu kwa mtazamaji wa Tanga. Mashabiki wamefikia hatua ya kuandika ufafanuzi wa vijembe, kimoja kimoja, kama wanavyofanya wafasiri wa tenzi za kale. Kwa hiyo unapoona kaka yako anacheka na wewe hucheki, yawezekana kabisa kwamba hata yeye hajui kinachorejelewa, ila ameshika sauti na wakati wake, na hivyo peke yake hutosha kumchekesha.

Kuna pia chipukizi lililotoka kwenye shina hilo. Mwaka 2006 Nelson alianzisha RiffTrax, akaungana na Kevin Murphy na Bill Corbett waliokuwa sauti za roboti katika miaka ya mwisho. Hapo mwanzo waliuza sauti peke yake, ukaichezesha sambamba na DVD yako mwenyewe, na kwa njia hiyo waliweza kuzirushia vijembe filamu kubwa za Hollywood ambazo wasingepewa kibali cha kuzionyesha. Wanaopenda wanasema kwamba hakuna tena michezo ya vikaragosi ya kuwakatiza. Wasiopenda wanasema kwamba bila vikaragosi hivyo wamebaki wanaume watatu wanaolalamika, na kwamba kisa cha mfungwa angani ndicho kilichowapa haki ya kulalamika: yeye hakuichagua filamu, amelazimishwa. Nadhani wa pili wana hoja kuliko wanavyodhaniwa. Dhihaka ya mtu aliyefungwa pamoja na filamu ni ya kujihami. Dhihaka ya mtu aliyeilipia filamu ili aidhihaki inahitaji kujitetea zaidi.

Umewataja pia wenye filamu wenyewe. Rick Sloane, mwongozaji wa Hobgoblins ya mwaka 1988, ndiye aliyeipeleka filamu yake kwa watu wa kipindi ili waidhihaki, na ikaonyeshwa mwaka 1998. Aliyafurahia sana, isipokuwa mzaha wa mwishoni uliomlenga yeye binafsi, ambao ulimkera. Mwaka 2009 akatoa sehemu ya pili ya filamu hiyo, jambo ambalo lisingewezekana kama isingepata jina kupitia vijembe. Mpaka wake unafanana na wako: kazi yangu iponde upendavyo, lakini mimi niache.

Wala usidhani kwamba sisi huku ni wageni wa sanaa hii. Aliyekaa katika vibanda umiza vya video anajua sauti ya msimuliaji iliyopanda juu ya filamu ya Kichina au ya Kihindi. Nchini Tanzania Lufufu alitamba kwa kanda zake za VHS, na nchini Kenya DJ Afro amekuwa sauti ya filamu za mapigano kwa watu wengi kuliko waigizaji wenyewe. Nao hubishaniwa vivyo hivyo: mmoja anasema bila msimuliaji asingeelewa wala asingefurahi, mwingine anasema msimuliaji amemficha mwigizaji na kubadilisha kisa. Tofauti ni kwamba msimuliaji wetu yuko upande wa filamu. Humsifu shujaa, humwonya, humpa jina la mtaani, na mzaha wake humsukuma mtazamaji ndani zaidi. Jijini Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo sana, na VJ Emmie (VJ ndivyo Waganda wanavyomwita msimuliaji wa filamu) akaizungumzia mwanzo hadi mwisho, akiishangilia na kuitania kwa pumzi moja. Nakala isiyo na sauti ya VJ haipo tena, kwa sababu kompyuta ilihitaji nafasi kwa ajili ya filamu iliyofuata. Kwa hiyo hapo swali la kama kijembe kimeiharibu filamu haliulizwi kabisa: kijembe ni sehemu ya filamu, na mwenye filamu ndiye aliyemwalika mwenye kijembe. Nikiwapima wachekeshaji wa Minnesota kwa kipimo cha VJ Emmie, wakati wao mzuri ni ule ambao nusu ya moyo wao inatamani filamu ifanikiwe.

Kwa upande wa kutazama na kaka yako, ningeshauri muache kwanza filamu ndefu mkaanze na vifupi, zile filamu za dakika kumi hivi ambazo makampuni na shule za Marekani zilitengeneza zamani ili kuwafundisha watu adabu, usafi au faida ya bidhaa fulani. Kipindi kilikuwa kikiziweka kabla ya filamu kuu, na RiffTrax wanazo nyingi. Kimoja kinaitwa A Case of Spring Fever, cha mwaka 1940, kilichotengenezwa kwa ajili ya kampuni ya magari ya Chevrolet. Mtu mmoja amechoshwa na kukarabati kochi lake, anatamani asione tena springi maishani, na kijini cha kuchorwa kinatokea na kumwondolea springi zote duniani: mlango haujifungi, saa haifanyi kazi, gari haliendeki. Akishajuta, anageuka kuwa mhubiri wa springi, anawahubiria rafiki zake wa gofu mpaka wanachoka naye. Hapo hakuna mwigizaji masikini wa kuonewa. Anayechekwa ni ile sauti ya mkubwa inayojua kila kitu na inayotaka kukufundisha jambo ambalo hukuuliza, na dakika kumi hazitoshi vijembe kuanza kujirudia.

Vikikufurahisha, nendeni kwenye Manos, lakini tazameni kwanza robo saa ya filamu tupu, bila vivuli wala sauti za mtu yeyote, ili uionje safari ile ya gari ilivyo. Vikikushinda hata hivyo, mwache kaka yako aendelee na roboti wake, nawe umchagulie filamu nzuri kwa zamu yako, kwa sharti kwamba wakati wa zamu hiyo atanyamaza.